Programu za kuunganisha watu mtandaoni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mteja anayetaka programu ya wavuti "yenye mambo ya kijamii" huanza karibu kila mara na ombi lilelile: weka kitufe cha kushea, weka cha kupenda, watu wataingia wenyewe. Anadhani undugu wa mtandaoni unabandikwa juu ya ukurasa kama stika kwenye bodaboda.

Ukweli ni kwamba kitufe cha namna hiyo, kama kile cha kupenda ambacho Facebook ilikiondoa kwenye tovuti za nje mwaka 2026, ni msimbo (maelekezo yanayotekelezwa na kompyuta) unaotoka kwenye seva za kampuni nyingine. Ukurasa ukifunguka tu, kivinjari cha mgeni wako kinaweza kupeleka huko taarifa za ziara yake, awe amebofya au hajabofya. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya duka la nguo la Kijerumani liitwalo Fashion ID, kwamba mwenye tovuti anayeweka kitufe hicho anawajibika pamoja na Facebook kwa ukusanyaji na upelekaji wa taarifa hizo. Na asiseme mtu hayo ni ya Ulaya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023.

Kinachoifanya programu iwe ya kijamii ni mahusiano yaliyomo ndani yake: nani anamjua nani, na nani ana ruhusa ya kuona nini cha nani. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo dhana nyingine zote zinapotuangusha.

"Ukiingia kwa akaunti ya Google, ile tovuti inalipata neno lako la siri." Hailipati. Ukibofya, unapelekwa kwa Google, unaandika neno la siri hukohuko, kisha Google inairudishia tovuti kibali kiitwacho tokeni. Ni kama kumtuma mtoto dukani na kikaratasi: apewe kilo moja ya sukari kwa jina langu. Muuzaji hakupata ufunguo wa nyumba yako, na kikaratasi hakiruhusu mchele. Utaratibu huo ni OAuth 2.0, uliochapishwa rasmi mwaka 2012, na juu yake ikajengwa OpenID Connect mwaka 2014 ili tovuti iweze pia kujua aliyeingia ni nani.

Lakini watu wakishalielewa hilo hurukia dhana ya pili, mbaya kuliko ya kwanza: kwamba basi mambo yako salama. Hatari iko kwenye kilichoandikwa katika kikaratasi. Hadi mwaka 2015 Facebook iliruhusu programu za nje ziombe taarifa za marafiki wa mtumiaji, siyo zake peke yake. Programu ya maswali ya tabia iliyotengenezwa na Aleksandr Kogan ilitumiwa na watu wapatao 300,000. Facebook yenyewe ilikuja kusema kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda ziliifikia Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za kisiasa. Hakuna neno la siri hata moja lililoibwa. Mtu mmoja alibofya "nakubali", na mamia ya jamaa zake wakawa wamekubali bila kuulizwa. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Facebook dola bilioni 5 kwa kukiuka faragha ya watumiaji.

Nikikaa na vijana wanaoanza kazi hii, jambo hili silipiti haraka. Nawaambia wachore kwenye karatasi kila taarifa wanayoomba, na pembeni waandike jina la mwenye taarifa hiyo. Orodha ya namba za simu za mtumiaji si mali yake peke yake. Kila namba pale ina mwenyewe, ambaye hajawahi kuiona programu yako.

Dhana ya lugha za kuandikia programu nitaipita upesi. "PHP imekufa, tunataka ya kisasa." Facebook ilianza mwaka 2004 kwa lugha hiyohiyo ya PHP na hifadhidata ya MySQL. Instagram iliponunuliwa mwaka 2012 ilikuwa na wafanyakazi 13, na ilijengwa kwa lugha ya Python na hifadhidata ya PostgreSQL, zana ambazo mwanafunzi yeyote anazipata bure.

Walioumia waliumizwa na hesabu, si na lugha. Mtandao wa kijamii wa Friendster ulianza mwaka 2002, kabla ya Facebook, ukapendwa sana, kisha kurasa zake zikafikia kuchukua hadi sekunde 40 kufunguka. Sababu kubwa ilikuwa kwamba kila ukifungua ukurasa, seva zilitafuta umeunganikaje na watu wengine, rafiki wa rafiki wa rafiki. Piga hesabu mwenyewe: mtu ana marafiki 100, kila mmoja ana 100 wake, tayari ni njia 10,000. Hatua moja mbele zinafika 1,000,000. Kwa ukurasa mmoja, wa mtu mmoja! Kwa hiyo kabla ya kuchagua lugha, amua nini kihesabiwe mtu anapofungua ukurasa na nini kiwe kimeshahesabiwa kikawekwa akiba.

"Usalama ni neno la siri gumu." Mwulize Samy Kamkar. Oktoba 2005, MySpace, mtandao wa kijamii alioutumia, iliwaruhusu watu kupamba kurasa zao kwa msimbo kidogo, huku ikichuja neno "javascript". Kamkar aliligawa neno hilo katikati, likaenda mstari wa pili. Kichujio kikalipitisha, baadhi ya vivinjari vikaliunganisha tena. Kila aliyeutembelea ukurasa wake kwa kivinjari cha aina hiyo alimwomba urafiki bila kujua, na msimbo ukajinakili kwenye ukurasa wa mgeni huyo, ukimngoja mgeni wake. Ndani ya saa 20 hivi maombi yalipita milioni moja, na MySpace ikalazimika kuzimwa kwa muda. Maneno ya siri ya watu wote yalikuwa salama kabisa. Katika programu ya kijamii, maandishi ya mtumiaji mmoja hufunguka kwenye simu ya mwingine, kwa hiyo yaonyeshwe kama maandishi tu, yasipewe kamwe nafasi ya kutenda kama msimbo.

Dhana ya mwisho nilikuwa nayo mimi mwenyewe: simu moja, mtu mmoja. Nilitengeneza programu ya kikoba cha akina mama kule Mbagala, nikajivunia sana arifa zake. Mkopo ukichelewa, ujumbe ulitokea kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, una jina na kiasi. Wiki ya pili mwenyekiti akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, simu ya mwenzetu mchana hukaa na mumewe. Kaliona deni. Huko nyumbani hakukaliki."

Sikuwa na la kujitetea. Simu ya familia ipo, mimi mwenyewe nimekulia nayo, na bado niliandika kana kwamba haipo. Usiku uleule nilibadilisha arifa, na tangu hapo inasema tu: "Una ujumbe kutoka kikundi chako." Deni linaonekana baada ya kuingiza namba ya siri.

Laini ya simu nayo hubadili mmiliki. Isipotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huifunga, na namba huweza kupewa mtu mwingine. Kama mlango wako ni namba ya uthibitisho ya SMS peke yake, mgeni huyo anaingia kwenye kikundi akiwa na jina, akiba na mazungumzo ya mama asiyemjua. Kwa hiyo katika programu ile ya kikoba, mwanachama akirudi baada ya miezi mitatu ya kimya, SMS haitoshi: wenzake wawili lazima wathibitishe kwamba ni yeye, na mara nyingi humpigia kwanza wasikie sauti.