Majonzi hayana ngazi tano

Mtu anapofiwa hapa Tanga, iwe Ngamiani au Chumbageni, siku hizi hakosi kuambiwa na jamaa aliyewahi kuhudhuria semina kwamba majonzi yana hatua tano, yaani kukana, hasira, kujaribu kupatana na Mungu, unyonge na hatimaye kukubali, na kwamba asiyezipitia kwa mpangilio huo bado hajapoa.

Maelezo hayo yalitoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi, aliyeyachapisha mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa mahututi huko Chicago. Linalosahauliwa ni kwamba watu hao walikuwa wakikabili kifo chao wenyewe, hawakuwa wafiwa. Naye baadaye alieleza kuwa hakukusudia hatua hizo ziwe ratiba.

Tafiti zilizofuata, zikiwemo za mwanasaikolojia wa Marekani George Bonanno, zimeonyesha kuwa wafiwa wengi huendelea na maisha yao huku huzuni ikijaa na kupwa kama maji ya bahari. Mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 anaweza leo kucheka akikumbuka kisa cha marehemu, kesho akalia akikunja kanzu yake, na nionavyo mimi hapo hapana kilichoharibika. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni maradhi pale tu majonzi makali yanapozidi miezi 6, yakapita kiasi cha mila za jamii husika na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Huyo ndiye wa kupelekwa kwa daktari.