Dhahabu ya shida: sarafu za Tabora za mwaka 1916

Katika sarafu za vita ninazozifanyia utafiti, hakuna zinazonivutia kama zile zilizopigwa chapa Tabora mwaka 1916, kwa sababu zinakwenda kinyume na tulivyozoea. Ujerumani kwenyewe, nikeli na shaba zilipohitajika kwa silaha za Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu ndogo za pfenigi (sehemu za mia za maki, fedha ya Ujerumani) tano na kumi zilianza kutengenezwa kwa chuma, na pfenigi moja kwa alumini. Katika koloni lake la Afrika Mashariki, uhaba huohuo ulizaa sarafu ya dhahabu.

Kabla ya vita, sarafu za koloni zilitoka Berlin na Hamburg kwa meli: rupia ya madini ya fedha, yenye sehemu 917 za fedha halisi katika kila 1,000, pamoja na heller, yaani sehemu za mia za rupia, za shaba na zile za nikeli zenye tundu katikati. Manowari za Uingereza zilipoifunga pwani, mzigo huo ulikatika. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilichapisha noti za dharura humu humu nchini, lakini karatasi pekee haikutosha. Askari walipaswa kulipwa, na sokoni chenji ilihitajika kila siku.

Hivyo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Heller 20 zilitengenezwa kwa shaba nyekundu, na nyingi zaidi kwa shaba ya manjano, ambayo sehemu yake ilitokana na maganda ya risasi na makombora yaliyokwisha kutumika. Kwa hiyo, wakati Ulaya madini yalitoka kwenye sarafu yakaenda kwenye mizinga, Tabora yalisafiri njia ya kurudi. Ukiishika sarafu hiyo utaona taji, mwaka na herufi T. Ukiilinganisha na nyingine, utakuta taji moja ni kubwa na jingine dogo, au ncha za herufi L katika neno Heller zimepinda kwenye moja na kunyooka kwenye nyingine. Chapa za chuma za kupigia sarafu zilichongwa zaidi ya mara moja, tena kwa mkono, na kwangu tofauti hizo zina thamani kuliko usafi wa sarafu za Berlin.

Dhahabu, kwa upande wake, ilitoka mgodi wa Sekenke, ndani ya koloni hilohilo. Sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, ina uzito wa gramu 7.168, lakini ni robo tatu tu ya uzito huo iliyo dhahabu halisi, yaani gramu 5.376. Kwa kiwango rasmi rupia 15 zilikuwa sawa na maki 20, na sarafu ya maki 20 ilikuwa na takriban gramu 7.17 za dhahabu halisi. Kwa maneno mengine, hata dhahabu hii ilikuwa imepunjwa, ingawa wanunuzi wa leo, wanaoilipia pesa nyingi, ni nadra kulitaja jambo hilo.

Kazi hiyo haikudumu, kwani majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Vita vilipokwisha, bei ya madini ya fedha ilikuwa imepanda mno. Waingereza walipoleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, fedha halisi ndani yake ilikuwa robo tu.