Kinanda, machozi na bahasha

Kabla sijawa mshauri wa saikolojia nilipiga kinanda kanisani kwa miaka sita. Mengi ninayoyajua kuhusu hisia za watu sikuyakuta chuoni. Niliyajua nikiwa nyuma ya kinanda kile, macho yangu kwenye mkono wa kushoto wa mchungaji.

Mkono ule ulikuwa na lugha yake. Kiganja kikishuka, naacha mdundo, nabakiza sauti ndefu ya fidla inayotambaa chini ya maneno. Vidole viwili vikiinuka, napandisha wimbo nusu toni. Hapo watu huanza kulia, kila Jumapili, karibu dakika ileile. Nilidhani ni Roho. Siku moja umeme ulikatika na jenereta ikagoma kuwaka. Mchungaji akasema maneno yaleyale, kwa uchungu uleule, lakini hakulia mtu ila mtoto mmoja aliyetaka maji. Bahasha za sadaka zilirudi nyepesi.

Sisemi muziki ni ulaghai. Kaswida hugusa moyo, nyimbo za msibani hugusa moyo, na ni vizuri ziguse. Ninachouliza ni kitu gani mtu anaombwa moyo wake ukishalainika.

Mara nyingi hofu ndiyo hutangulia. Mchungaji husema: “Kuna mtu hapa, wanaume wa ukoo wenu hawavuki miaka hamsini.” Kwenye ukumbi wa watu mia tatu, nani hana mjomba aliyekufa mapema? Anayesikia hutetemeka, anaamini amesomwa yeye. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja yake. Wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walikuwa na karatasi ileile, maneno yake yameokotwa kwenye kitabu cha nyota. Forer hakuwa na kinanda wala mkesha, akafika huko.

Wala si makanisa ya miujiza peke yake. Nikiwa na miaka saba, mwalimu wa shule ya Jumapili alituonyesha picha ya watu ndani ya moto. Nililala na koroboi ikiwaka karibu mwezi mzima, na mwezi huo nilikuwa mtoto mtiifu ajabu.

Hofu ikishakaa, anayeileta ndiye huyohuyo mwenye dawa, na dawa ina bei. Bei hiyo inaitwa mbegu: sadaka unayopanda ili uvune baraka. Anasomwa mjane wa Sarepta, aliyempikia nabii Eliya kwa unga wake wa mwisho, na pipa halikupungukiwa. Kisha inatajwa sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa chote ulichobakiwa nacho.

Mama mmoja aliyekuja kwangu (nimebadilisha mambo asijulikane) alijimaliza kwa ada ya mwanawe na mtaji wa vitenge. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kimya kitambo, halafu: “Dokta, mimi nilikosea wapi?” Mimi si daktari, lakini kwetu kila mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka ni dokta. Swali lake ndilo lililoniuma. Hakuuliza wao walikosea wapi. Mbegu ikiota, mtu hupewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Isipoota, udongo ulikuwa mbaya, na udongo ni yeye: ana dhambi iliyofichika, imani yake haba, alitoa akinung'unika. Mfumo wa namna hii haushindwi kamwe, kwa kuwa kila kushindwa kunaandikwa kwa jina la aliyeumia. Na kadiri alivyotoa kingi ndivyo inavyomwia vigumu kukiri kwamba kimepotea, hivyo huongeza kingine ili kile cha kwanza kisiwe bure. Akiuliza swali anajibiwa: msiwaguse masihi wangu, yaani asimhoji mtumishi wa Mungu.

Watu huniuliza kuhusu Shakahola, kule Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu ambao wengi wao inaelezwa walifunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Walikuwa wajinga? Hapana. Hakuna aliyeanza na njaa. Mafundisho ya kukataa shule na hospitali yalitangulia kwa miaka. Ukishamtoa mwanao darasani kwa ajili ya imani, umeshalipa, na hatua inayofuata inaonekana ndogo. Moshi nako, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana ili wakanyage mafuta ya upako. Waliokuwa pale walikuwa na wagonjwa nyumbani, madeni, ndoa zinazovuja. Hofu yao ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo iliyowafanya wepesi kusukumwa.

Yule mama sikumwambia aache kanisa. Kule ndiko alikozikiwa mumewe, na kina mama wa jumuiya yake ndio waliompikia wakati wa matanga. Wiki iliyopita alinieleza kwamba bado anakwenda, ila siku hizi anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Sauti ya fidla ikianza hutoka nje kununua maji, na harudi hadi bahasha zimeshapita.