Nani kasema D&D ya zamani ilikuwa kuua tu?

Kila ninapokaa mezani na wachezaji wapya wa Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa kuigiza mashujaa kwa dadu na karatasi, wimbo ni ule ule: D&D ya zamani ilikuwa fungua mlango, ua zimwi, beba mali, nenda mlango wa pili; maongezi na ujanja vimeletwa na vijana wa leo. Nimechoka kutabasamu kwa adabu. Siku hizi nauliza tu: umevisoma vile vijitabu, au umesimuliwa?

Nasema vile vitatu vya mwanzo, vya 1974, vya Gary Gygax na Dave Arneson, vilivyouzwa dola 10 ndani ya kisanduku. Na ndiyo, jaladani wenyewe wameandika kuwa ni kanuni za kampeni za michezo ya vita. Wengi husoma hadi hapo, kisha wanatoa hukumu.

Tuanze na uhai. Mchawi wa ngazi ya kwanza anarushiwa dadu moja ya pande sita kupata pointi zake za uhai, basi. Silaha nazo, jambia kwa upanga, zote zinaumiza kwa dadu moja ya pande sita. Piga hesabu: katika matokeo 36, kwenye 21 pigo la kwanza kumpata ndilo linalomzika. Mpiganaji ana pointi moja zaidi, hana cha kujivunia. Nguvu zake, hata ziwe 18, hazimsaidii kupata shabaha wala kuumiza; zinamwongezea asilimia 10 ya uzoefu anaouchuma, yaani pointi za kumpandisha ngazi. Huyu ndiye mnayeniambia alikuwa akizunguka mahandakini anatafuta ugomvi?

Sasa fungua kijitabu cha tatu, kile cha mahandaki na nyika. Kuna kanuni za kukimbia. Si sentensi ya kujaza ukurasa, ni kanuni zenye namba. Mkifukuzwa, mnaweza kudondosha chakula: zimwi lisilo na akili lina asilimia 90 ya kusimama kula, lenye akili kidogo 50, lenye akili timamu 10. Mkidondosha mali, namba zinageuka, mwenye akili ndiye anayeinama kuokota. Mtu aliyekaa kuandika haya alitegemea wachezaji wake watimue mbio, tena mara nyingi.

Halafu kuna dadu mbili za mapokezi, za kuona mazimwi yatawapokeaje. Refa, yaani anayeendesha mchezo, anazirusha: 2 hadi 5 mabaya, 6 hadi 8 hawajaamua, 9 hadi 12 mema. Hayo mabaya ni matokeo 10 kati ya 36. Hongo inahesabiwa, hofu inahesabiwa, msimamo wa pande zote mbili unahesabiwa. Hapa ndipo maongezi na ujanja vilipo, tangu 1974, na vimewekewa jedwali.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kijitabu hicho hicho kinasema pia kwamba mazimwi hushambulia au kufukuza yeyote wanayemwona, isipokuwa wale wenye akili ya kutosha kuona kwamba wamezidiwa. Kurasa zile zile! Sasa dadu za mapokezi zinarushwa lini? Mezani kwangu wasio na akili wanashambulia moja kwa moja, wenye akili wanarushiwa dadu. Siwezi kuapa kwamba ndivyo waandishi walivyokusudia, na mtu akiniambia amesoma kinyume sina aya ya kumnyamazisha.

Kinachonikera zaidi ni uzoefu, kwa sababu hapo hata wanaonitetea wanakosea. Wanasema: sarafu moja ya dhahabu, pointi moja ya uzoefu, kwa hiyo kuua hakukulipa, kwisha. Hapana, hakujaisha. Mfano wa kitabu ni mchawi wa ngazi ya 8 aliyeshinda zimwi la ngazi ya 7: sarafu 7,000 zinampa 7,000, zimwi lenyewe linampa 700. Jumla inapunguzwa kuwa saba ya nane, maana yeye amemzidi adui ngazi, anaondoka na 6,737.5. (Hiyo nusu naipenda sana. Nani anaandika nusu ya uzoefu?) Hapo mali ni mara kumi ya maiti, sawa.

Lakini shuka chini, kwenye ngazi ya kwanza. Pointi ni 100 kwa kila ngazi ya zimwi. Orki, zimwi dogo, ni wa ngazi ya kwanza: kumi ni 1,000, na mpiganaji anahitaji 2,000 tu apande. Kikosi chenye bahati, mafuta ya kuchoma na wapambe wa kukodi wa kutangulizwa mbele kinaweza kupanda ngazi kwa kuchinja, na kitabu hakikizuii. Greyhawk, kijitabu cha nyongeza cha 1975, ndicho kilichoziba tundu: orki akashuka hadi pointi 10. Kwa hiyo ukitaka kunibishia, nibishie kwa ukurasa huu wa 1974. Nitakusikiliza na chai nitalipa mimi. Mpaka leo hakuna aliyeuleta, wote wananiletea jalada.

Na mapengo mengine yapo. Nani anaanza kupiga? Vijitabu havisemi, tafuta Chainmail, kanuni za vita vya vinyago zilizotangulia. Ukipanda ngazi, unaongeza dadu mpya ya uhai juu ya pointi ulizonazo au unarusha zote upya? Hilo nalo silijui. Maneno yanabeba maana zote mbili. Mimi narusha zote upya na kuchukua jumla iliyo kubwa kati ya mpya na ya zamani, na kuna marefa wazuri wanaoona huo ni upendeleo.

Ken St. Andre wa Phoenix alikutana na kanuni hizi, akakata tamaa nazo, akaandika mchezo wake mwenyewe, Tunnels & Trolls, ukatoka 1975. Huyo simlaumu hata kidogo. Yeye angalau alizisoma.