Charles Upham: mchunga kondoo aliyepata Msalaba wa Victoria mara mbili

Kwetu kondoo na mbuzi huachiwa watoto, na mtu mnyonge huambiwa ni mpole kama kondoo. Ndiyo maana wengi wakisikia kwamba Kapteni Charles Upham wa New Zealand alikuwa mfugaji wa kondoo, hulichukua hilo kama jambo la pembeni katika maisha ya mwanajeshi mkubwa. Mimi naona limegeuzwa miguu juu. Upham alikuwa mtu wa kondoo tangu ujana hadi uzee, na hapo katikati vita vilimchukua miaka sita.

Dhana: Alikuwa mwanajeshi, akastaafu, ndipo akaanza kufuga

Alizaliwa Christchurch mwaka 1908, mtoto wa mwanasheria, na angeweza kabisa kushika njia ya baba yake. Akachagua kilimo. Alipata stashahada katika chuo cha kilimo cha Lincoln mwaka 1930, kisha akapanda milimani na kukaa karibu miaka sita akichunga kondoo na baadaye kusimamia mashamba.

Kazi ya milima ile si ya watoto. Kiangazi kondoo hulishwa juu kabisa, na ni lazima washushwe kabla theluji haijawafukia. Wachungaji huondoka kungali giza ili kuche wakiwa kileleni. Hujipanga mstari mmoja, kila mtu na mbwa wake, wakiachana mbali, kisha huteremka wakiwatoa kondoo kwenye majabali na makorongo. Ukikosea kusoma ardhi, kundi linakupotea. Unajifunza korongo hili linatokea wapi na mgongo ule wa kilima unaficha nini, na unajifunza kutembea kutwa na njaa yako. Kwa maoni yangu, hakuna chuo cha kijeshi ambacho kingemfundisha zaidi ya hapo.

Dhana: Uofisa aliupata kwa jina la familia

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Septemba 1939 alijiandikisha kama askari wa kawaida katika Batalioni ya 20, ingawa katika jeshi la akiba alikwisha kuwa sajini. Alipopewa nafasi ya kozi ya maofisa, mwanzoni aliikataa, kwa kuhofia ingemchelewesha kwenda vitani. Baadaye alisomea uofisa Misri, na akawa luteni wa pili Novemba 1940.

Dhana: Shujaa ni mtu asiyeumwa

Hapa ndipo ninapotamani watu wasome taratibu. Katika kisiwa cha Krete, Mei 1941, Upham alikuwa anaumwa ugonjwa wa kuhara damu na hali chakula sawasawa. Katika hali hiyo, tarehe 22, aliongoza platuni yake karibu kilomita tatu kuelekea uwanja wa ndege wa Maleme, bila mizinga ya kuwasaidia. Walizuiwa na bombomu za Wajerumani mara tatu, na yeye mwenyewe akazitambalia na kuzinyamazisha kwa mabomu ya mkono. Walipoamriwa kurudi nyuma, alisaidia kubeba majeruhi huku risasi zikipita. Siku zilizofuata alijeruhiwa begani na kipande cha bomu, kisha akapigwa risasi mguuni. Hakuondoka.

Kwa hayo alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika majeshi yaliyopigana chini ya mfalme wa Uingereza. Wasomaji wa Kenya wataikumbuka kwa Sajini Nigel Leakey wa Keya (jeshi la King's African Rifles), aliyeistahili kwa kitendo cha mwezi huo huo kule Ethiopia na kuuawa palepale.

Mwaka uliofuata, Julai 1942, kwenye kilima cha Ruweisat nchini Misri, Upham aliharibu kifaru kwa mabomu ya mkono. Risasi ya bombomu ikamvunja mkono kwenye kiwiko. Akafungwa kidonda, akarudi kwa watu wake, akajeruhiwa tena mguuni. Kampuni yake ilikuwa imebaki na watu sita alipotekwa. Huko utekani alijaribu kutoroka mara kadhaa, safari moja akanasa kwenye seng'enge mchana kweupe, hadi Wajerumani wakamfungia katika ngome ya Colditz, Ujerumani.

Dhana: Ni yeye tu aliyepata nishani hiyo mara mbili

Wako watatu. Wenzake, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse, walikuwa madaktari wa jeshi. Upham ndiye mpiganaji pekee. Kabla ya kuidhinisha nishani yake ya pili, ile ya Ruweisat, Mfalme George wa Sita alimuuliza Meja Jenerali Kippenberger, aliyekuwa kamanda wa Upham, kama kweli Upham anaistahili, akajibiwa kwamba ameistahili zaidi ya mara moja.

Dhana: Wananchi walimnunulia shamba

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inamnyang'anya jambo alilolifanya akiwa na akili timamu na mifuko mitupu. Ni kweli watu wa Canterbury, jimbo lake la nyumbani, walichanga pauni 10,000 wamnunulie shamba. Fikiria mtu aliyetoka utekani, amefunga ndoa Juni 1945 na Molly, muuguzi, anataka ardhi kuliko kitu chochote, na ardhi hiyo inaletwa mlangoni. Alizikataa zile fedha. Zikawekwa kwenye mfuko wa kuwasomesha watoto wa waliopigana vita.

Yeye akachukua mkopo wa askari waliorudi, kama wengine wote, akanunua shamba karibu na mto Conway, kaskazini mwa Canterbury. Mkono uliovunjika Ruweisat ulimtatiza kazini, lakini kondoo hawangoji mkono upone. Yeye na Molly walilea mabinti watatu pale, na alibaki kwenye shamba hilo hadi mapema mwaka 1994, afya ilipomlazimisha kuhamia mjini Christchurch. Alifariki Novemba mwaka huo huo.