Walowezi wa Kinorwe Marekani: yanayosimuliwa na yaliyokuwa

Wengi tumeizoea hadithi hii kwa sura moja. Mwanamume mwenye ndevu, mkewe na watoto wamepanda gari la kukokotwa na maksai, na mbele yao kuna uwanda wa majani usiokwisha. Anapewa shamba bure, analima, anafanikiwa. Familia za Kinorwe zilizohamia Minnesota, Iowa na Dakota katika karne ya 19 hutajwa sana hadithi hiyo inaposimuliwa. Ni historia ninayoipenda, na inaniuma kuiona ikielezwa nusu.

Inasemwa kwamba Wanorwe walikimbia mateso ya dini. Kundi la kwanza, ndiyo, lilikuwa na sababu hiyo. Julai 1825 watu 52 waliondoka Stavanger kwa chombo kidogo cha matanga kilichoitwa Restauration, na miongoni mwao walikuwamo Wakweka, kikundi cha Wakristo waliosumbuliwa na kanisa la dola. Lakini waliofuata walisukumwa zaidi na ardhi. Mwaka 1801 Norwe ilikuwa na watu kama 883,000, na kufikia 1865 walikuwa wamefika milioni 1.7, katika nchi ambayo sehemu inayolimika ni kama asilimia 3 tu. Kwa desturi, shamba lilikwenda kwa mtoto wa kwanza. Wadogo zake wengi waliishia kuwa wapangaji wa kibanda na kipande cha ardhi ya mtu mwingine, kodi wakiilipa kwa siku za kazi. Na kinyume na wengi wanavyodhani, mafukara kabisa hawakuwa wa kwanza kuondoka, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Walitangulia wenye kitu cha kuuza, kisha zikaja barua zilizosomwa kwa sauti na kunakiliwa kijiji hadi kijiji, na baada ya barua zikaja tiketi zilizolipiwa na kaka au mjomba aliyekwisha kufika. Ndani ya miaka 100 watu wapatao 800,000 walihama. Ukilinganisha na idadi ya wananchi, kwa sehemu kubwa ya karne hiyo ni Ireland pekee iliyowashinda kwa kutoa watu.

Dhana ya pili ni kwamba ardhi ilikuwa ya bure. Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimruhusu mkuu wa familia, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, kudai hadi ekari 160 za ardhi ya serikali. Mhamiaji hakulazimika kuwa raia siku ya kudai. Ilitosha atangaze rasmi kwamba anakusudia kuwa raia. Ada zote pamoja zilikuwa kama dola 18, na hapo ndipo neno "bure" lilipoanzia. Ila ukishalipa ada hiyo, bado huna maksai, huna plau ya chuma, huna mbegu, wala chakula cha kukufikisha kwenye mavuno ya kwanza. Kwa hiyo wanaume wengi waliondoka tena kwenda kutafuta fedha taslimu kwenye ujenzi wa reli, kambi za mbao au mavuno ya watu wengine. Mke alibaki na watoto kulinda shamba, maana sheria ilitaka pakaliwe.

Pakaliwe kwenye nini, wakati hapana miti? Walijenga kwa ardhi yenyewe. Plau ilikata ukanda wa udongo ulioshikwa na mizizi ya majani, ukanda ukakatwa vipande vya kama futi mbili kwa futi moja, vikapangwa upande wa majani ukiwa chini, na ukuta ukafika unene wa futi mbili au zaidi. Nyumba hiyo ilihifadhi joto wakati wa baridi na kuwa na ubaridi wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, dari ilidondosha tope kwenye kitanda na kwenye sufuria, ndiyo maana walitundika kitambaa chini ya paa. Kuni hazikuwapo pia, hivyo walichoma majani makavu yaliyosokotwa na vinyesi vikavu vya wanyama.

Kati ya 1873 na 1877 nzige walikula mazao mwaka baada ya mwaka, mpaka gavana wa Minnesota, John Pillsbury, akatangaza tarehe 26 Aprili 1877 kuwa siku ya maombi. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi hewa ilikuwa ya upole isivyo kawaida, kisha dhoruba ya theluji ikaangukia nyanda hizo ghafla, watoto wengi wakiwa shuleni au njiani kurudi nyumbani. Waliokufa hukadiriwa kuwa 235.

Aliyevumilia miaka mitano alipaswa kuthibitisha kwamba amekaa na kulima. Alitangaza gazetini kwamba anataka hati ya kumiliki shamba, akataja mashahidi, kisha akajibu maswali yaliyoandikwa moja baada ya jingine: nyumba ina ukubwa gani, umelima ekari ngapi, umepanda nini mwaka gani, umewahi kutoka kwa muda gani na kwa nini. Nchi nzima zilitolewa hati zipatazo milioni 1.6. Madai mengine mengi yaliachwa au haki yake ikauzwa. Wakati huohuo kampuni za reli zilipewa na serikali makumi ya mamilioni ya ekari, na mlowezi aliyetaka kuwa karibu na stesheni mara nyingi alilazimika kununua kwao.

Lakini uongo mkubwa kuliko yote ni kwamba ardhi ilikuwa tupu. Kusini mwa Minnesota kulikuwa nchi ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huko. Kwa mikataba ya 1851 walitoa mamilioni ya ekari na kubakiwa na ukanda mwembamba kando ya Mto Minnesota, wakiahidiwa malipo ya kila mwaka. Kiangazi cha 1862 malipo yalichelewa, watu wakawa na njaa, na wafanyabiashara wakakataa kuwakopesha chakula. Mwezi Agosti vita vikazuka, miezi mitatu tu baada ya Lincoln kutia saini ile sheria ya ardhi.

Familia ya Guri Endresen ilikumbwa na vita hivyo. Alizaliwa Norwe mwaka 1813, na pamoja na mumewe Lars walikuwa wakilima kaunti ya Kandiyohi. Lars na mwana wao mmoja waliuawa. Guri, aliyekuwa amejificha na binti yake mdogo, alitoka na baadaye akawasafirisha majeruhi kwa gari la maksai hadi mahali pa usalama. Miaka michache baadaye alirudi kwenye shamba lilelile. Kibanda chao cha magogo kipo hadi leo, na hadithi yake husimuliwa kwa fahari, nami naona anastahili.

Ila haistahili kuishia kwake. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na hakuna siku nyingine serikali ya Marekani iliponyonga watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Mwaka uliofuata Bunge lilifuta mikataba yao na kuwafukuza Minnesota. Ardhi iliyoachwa wazi ikagawiwa walowezi, Wanorwe wakiwamo. Hata hifadhi zilizobaki, yaani maeneo waliyotengewa wenyeji, hazikusalimika: Spirit Lake, North Dakota, ilifunguliwa kwa walowezi mwaka 1904, na kufikia 1929 watu wa asili ya Skandinavia walimiliki ardhi nyingi zaidi humo kuliko Wadakota wenyewe. Walioipokea wengi walikuwa wana wa watu wasio na ardhi kwao. Hilo halifuti lililowapata waliokuwapo kabla yao.

Kuhusu wanawake, picha ya mke anayemfuata mume nyuma haitoshi. Mwanamke asiye na mume, mjane au binti aliyetimiza miaka 21 aliweza kudai ekari 160 kwa jina lake, na wengi walifanya hivyo. Katika kaunti kadhaa za North Dakota zilizochunguzwa, wadai wanawake walikuwa kati ya asilimia 5 na 20. Mabinti walidai viwanja vilivyopakana na vya baba zao ili familia ipanuke. Mke wa mtu ndiye ambaye kwa kawaida hakuruhusiwa, hata kama ndiye aliyelala shambani majira yote ya baridi.

Wala si wote waliobaki. Inakadiriwa kuwa robo hivi ya waliohama kati ya 1881 na 1930 walirudi Norwe.

Na wale waliobaki hawakugeuka Wamarekani kwa usiku mmoja. Waliomba, walizika na kusoma magazeti kwa lugha yao. Decorah-Posten, lililoanza Iowa mwaka 1874, lilichapishwa kwa Kinorwe hadi 1972. Mei 1918, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, gavana wa Iowa William Harding alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, kanisani na hata kwenye simu. Wazee waliokuwa wamelima Iowa kwa miaka mingi wakajikuta hawaruhusiwi kusali kwa maneno waliyofundishwa na mama zao.

Dhana ya mwisho ni kwamba haya hayatuhusu huku kwetu. Mwaka 1854 Ole Dybevig na Solveig Rinde waliondoka kijiji cha Feios huko Norwe wakafika Wisconsin, na baadaye familia ikahamia Saude, Iowa. Kitukuu chao, Norman Borlaug, alizaliwa huko mwaka 1914, akakulia shamba la ekari 106 na kusoma shule ya chumba kimoja na mwalimu mmoja. Ndiye mtaalamu wa ngano aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 1970. Ilipojitokeza Uganda aina mpya ya ugonjwa wa ngano uitwao kutu ya shina, ile iliyoitwa Ug99, Borlaug akiwa na umri wa miaka 91 alikuja Kenya na kuhimiza dunia ichukue hatua, na mwaka 2005 mpango wa kimataifa wa kupambana nayo ukazinduliwa Nairobi. Njoro, Kenya, pakawa mahali ambapo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa na kuachwa zishambuliwe, ili zijulikane zinazohimili.