Milimita 130 Zinatosha: Kuchagua Baiskeli Yenye Springi Mbele na Nyuma

Karibu kila mteja anayeingia karakanani kwangu akitafuta baiskeli ya milimani yenye springi mbele na nyuma huanza na swali moja: fundi, hii ina milimita ngapi? Anamaanisha umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kabla springi haijafika mwisho wake, nami simlaumu kwa kuanzia hapo, kwa sababu ndiyo namba inayotangulia katika kila tangazo. Shida ni kwamba wengi huichukulia kama ukubwa wa injini ya gari, kwamba ikizidi ndipo mali inapokuwa bora, kisha wanalipa fedha nyingi kwa mwendo wa springi ambao hawatautumia.

Baiskeli za mbio za nyika huwa na milimita 100 hadi 120, zile za njia za kawaida za msituni na vilimani 120 hadi 150, na zilizoundwa kwa miteremko mikali yenye mawe na mirukio 150 hadi 180. Kwa mtu wa Nairobi anayeendesha msitu wa Karura siku mbili tatu za wiki na kupanda vilima vya Ngong Jumamosi, mimi hupendekeza milimita 120 au 130 nyuma, na 130 au 140 mbele. Njia nyingi za Karura zimeshindiliwa zikawa ngumu, zina mizizi ya hapa na pale na kona za ghafla, na springi ndefu mahali kama hapo haina kazi ya kufanya. Isipokuwa na kazi hubaki kuwa mzigo, kwa kuwa huja pamoja na fremu nzito zaidi, tairi nzito zaidi na foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) iliyolala mno. Na kama unachopita ni barabara za changarawe za Tigoni tu, springi ya nyuma huna haja nayo kabisa. Nunua yenye foki ya mbele peke yake na tofauti ya bei uiweke kwenye breki nzuri.

Jambo hili nililijua kwa kulilipia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua baiskeli iliyotumika ya milimita 160, yenye kilo zaidi ya 15, nikiamini kwamba itanifundisha ujasiri. Kila nilipopanda Ngong nilifika kwenye mitambo ya upepo nikiwa hoi, huku gurudumu la mbele likitangatanga kushoto na kulia kwenye mwinuko, kwa sababu foki iliyolala hivyo inataka kasi ndipo itulie. Aibu yenyewe ilikuwa kwenye shoku, yaani ile springi ya nyuma. Shafti ya shoku huwa na kipete cha mpira ambacho husukumwa hadi pale springi ilipobonyea mwisho na kubaki hapo kama shahidi. Kwa miezi minne nilikiangalia kila nilipomaliza safari, na hakikuvuka theluthi mbili hata mara moja.

Kipete hicho hicho ndicho kitakachokuonyesha kama baiskeli unayoitazama inakufaa, kwa hiyo nieleze namna ya kukitumia. Shoku nyingi za siku hizi zina hewa ndani badala ya koili ya chuma, na hewa hiyo hujazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji. Ukikaa kwenye baiskeli bila kuiendesha, springi inapaswa kubonyea kiasi fulani tu, ili gurudumu liwe na nafasi ya kushuka kwenye mashimo kama lilivyo na nafasi ya kupanda kwenye mawe. Kwa nyuma, kiasi hicho ni asilimia 25 hadi 30 ya urefu ambao shafti inaweza kuingia, na kwa mbele ni karibu asilimia 20. Chukua shoku ambayo shafti yake huingia milimita 55: asilimia 30 ni milimita 16 na nusu. Vaa kila unachovaa ukiendesha, pamoja na begi la maji likiwa limejaa, jishikize ukutani, kaa mkao wako wa kawaida, kisha mwombe mtu asukume kipete hadi kiguse sili, ule mpira unaoziba mdomo wa shoku pale shafti inapoingilia. Shuka taratibu bila kurukaruka na upime kwa rula. Ukipata milimita 22, hewa ni kidogo. Ukipata 10, umeijaza kupita kiasi, na baiskeli uliyoinunua ili ikupunguzie mitetemo itakurusha kama kitanda cha kamba kilichokazwa jana.

Pampu ya kazi hii ni ndogo na ina geji, wala si ile ya tairi, ijapokuwa mdomo wake unaingia vilevile. Pampu ya tairi husukuma hewa nyingi kwa mara moja na haiwezi kupanda hadi pauni 200 kwa inchi ya mraba kwa utulivu. Ukiifungua pampu ya shoku utasikia mlio mfupi wa hewa, na wateja wengi hushtuka wakidhani kazi yote imepotea. Hewa inayotoka ni ya kwenye mpira wa pampu. Hata ukiirudisha na kukuta geji imeshuka kidogo, ni kwa sababu mpira huo umejijaza upya kutoka kwenye shoku.

Kuna hesabu moja ambayo wauzaji huwa hawaitaji, ingawa kwa mtu mzito au mwepesi sana inaweza kuamua ununuzi. Gawa mwendo wa gurudumu la nyuma kwa mwendo wa shafti. Baiskeli ya milimita 130 yenye shafti ya 50 inatoa 2.6, ya milimita 150 yenye shafti hiyo hiyo inatoa 3. Namba hiyo ni nguvu ya wenzo: kadiri inavyopanda ndivyo shoku inavyobanwa zaidi na uzito ule ule, na ndivyo inavyodai hewa zaidi. Shoku huwa na kikomo cha hewa, na mara nyingi kimeandikwa juu yake. Mteja wa kilo 105 aliyeniletea baiskeli ya namba kubwa hivyo tulifika kwenye kikomo kabla ya kupata kipimo chake, na hapakuwa na dawa isipokuwa kutafuta fremu nyingine.

Umbo la fremu nalo lina uzito kuliko milimita. Ninatafuta foki yenye pembe ya nyuzi 65 hadi 66, ambayo inatulia kwenye mteremko bila kuwa nzito kwenye kona za pole pole, na nguzo ya kiti yenye nyuzi 75 au 76 ili kiuno kisivutwe nyuma ya gurudumu wakati wa kupanda. Kisha kuna nafasi kati ya pedali na usukani ukiwa umesimama, ambayo ndiyo saizi halisi ya baiskeli. Kiti unaweza kukipandisha, lakini fremu fupi hutairefusha. Magurudumu ya inchi 29 yamekuwa kawaida na yanamfaa karibu kila mtu, isipokuwa watu wafupi sana ambao hugongwa na tairi ya nyuma kwenye mteremko. Hao wanaweza kutazama inchi 27.5 nyuma.

Kuhusu viungo vya nyuma watu hubishana sana, na mimi sibishani sana. Fremu ya kiungo kimoja ina beringi chache na hutunzika kwa urahisi, lakini ukishika breki springi yake huelekea kukakamaa. Ile ya viungo vinne, ambayo kiungo chake maarufu kilibuniwa na fundi Horst Leitner na hataza yake ikakaa mikononi mwa kampuni ya baiskeli ya Specialized kwa miaka mingi, hubaki laini chini ya breki ila inakuongezea beringi za kubadilisha. Kabla ya kuuliza ni ya aina gani, pitisha kidole cha mwisho kati ya tairi ya nyuma na fremu. Kisipopita, udongo mwekundu wa Limuru utalifunga gurudumu hilo wiki ya kwanza ya masika, na utaibeba baiskeli begani.

Wengi wetu hununua iliyotumika, na hapo ndipo nisingetaka mtu aharakishe. Ishike kwa kiti, uinyanyue polepole hadi gurudumu la nyuma likaribie kuacha ardhi, huku kidole cha mkono mwingine kikigusa kila kiungo kwa zamu. Ukisikia mgongano mdogo, kidole kitakuambia ni wapi. Mgongano ukiwa kwenye bushi za shoku, ni kazi ndogo. Ukiwa kwenye beringi, dai bei ipungue. Ukiwa ni tundu la fremu lenyewe lililotanuka, shukuru na uondoke. Pitisha ukucha kwenye miguu ya foki, juu hadi chini, kwa sababu mkwaruzo unaoukamata ukucha utakula sili mpya kila utakapoziweka. Halafu soma vipimo: habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya milimita 148 ndiyo ambayo utapata rimu na vipuri vyake kwa urahisi, na shoku za kabla ya 2016 zilipimwa kwa inchi, kwa hiyo ikifa itakubidi utafute mbadala wake kwa taabu. Magurudumu ya inchi 26 yaache, hata bei ikikutamanisha.

Kumbuka pia gharama inayokuja baadaye. RockShox, watengenezaji wa foki na shoku, wanaelekeza sehemu ya chini ya foki ifunguliwe, isafishwe na kutiwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha. Mtu anayeendesha saa 6 kwa wiki hufika huko katika miezi 2, na vumbi letu la Januari halisubiri saa 50 ziishe. Kabla ya kulipa, uliza sili za foki hiyo zinapatikana wapi mjini, au ni nani atakayekuletea kutoka nje.

Fedha ikiwa na mpaka, iende kwanza kwenye foki, breki za mafuta, tairi na nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe. Fremu ya alumini inatosha. Gia za Shimano Deore za hatua 12, zilizotoka 2020 na zenye meno 10 hadi 51 nyuma, hupanda mlima ule ule unaopandwa na XTR, zile za daraja la juu za Shimano hao hao, na tofauti kubwa ni gramu. Tairi zisiwe na tyubu ndani bali dawa ya maji inayoziba, kwa sababu miiba ya migunga ya hifadhi ya Hell's Gate haichagui baiskeli ya bei gani.

Ukija kuijaribu yoyote, njoo na viatu vyako na begi lako la maji, tutenge dakika 10 tupime kipete kabla hujatoka getini. La sivyo utakuwa unaendesha baiskeli iliyojazwa hewa kwa uzito wa mteja aliyekutangulia.